Je, Mkristo Aweza Kucheza Ngoma?



Siku ya Jumapili, kayamba inapolia kanisani, vijana hutoka mbele wakicheza, na baadhi ya wazee huinamisha vichwa. Tusiwacheke wazee hao. Wengi walilelewa na wazazi walioambiwa waache ngoma kabisa kabla ya kubatizwa. Tena ngoma nyingine zilikuwa na ugomvi ndani yake. Mwaka 1929, wamisionari na Wakikuyu walipogombana juu ya kutahiri wasichana, watu walicheza Muthirigu na kuwadhihaki wamisionari, hata serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku mwaka 1930. Kwa Mkristo wa siku zile, kuacha ngoma kulikuwa kutengwa na rika lake. Hiyo ni gharama kubwa.

Lakini Biblia yasemaje? Miriamu alitwaa tari akacheza na wanawake wenzake walipokwisha kuvuka Bahari ya Shamu (Kutoka 15). Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana (2 Samweli 6). Hata hivyo, Waisraeli walicheza pia mbele ya ndama ya dhahabu (Kutoka 32), na binti wa Herodia alipocheza, Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa (Marko 6). Miguu ni ile ile. Basi na tujiulize: tunacheza mbele ya nani, na jirani yetu anapata nini?

Mwili si adui wa roho. Mungu ndiye aliyeuumba, Mwana wake akauvaa, na Paulo atufundisha kwamba ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6). Hekalu hutunzwa lisitiwe unajisi, lakini pia hufunguliwa kwa ibada.

Katika Luka 15, kaka mkubwa alisikia watu wakicheza nyumbani, akakataa kuingia. Baba yake hakuizima ile furaha, wala hakumwacha mwanawe nje. Alitoka akamsihi. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kijana, kabla ya kucheza Jumapili ijayo, mwendee mzee wako, umwulize aliacha nini kwa ajili ya Kristo. Nawe mzee, usibaki mlangoni.

Tuombe. Ee Bwana, pokea miili yetu, ya wazee na ya vijana, itumike kwa sifa zako. Amina.