Shamba limeuzwa, mbwa aende wapi?

Ami yangu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha shamba la minazi na miembe karibu na Takaungu, ng'ombe 7, deni dogo kwa muuza chakula cha mifugo, na mbwa mmoja. Deni lililipwa kwanza, kama dini inavyotaka. Ng'ombe wakahesabiwa. Minazi ikahesabiwa mmoja mmoja, na jamaa nusura wakosane kwa mnazi uliokuwa umeinamia upande wa jirani. Mbwa hakutajwa na mtu. Siku nzima ya kikao alikuwa amelala chini ya mwembe akiitazama njia, kwa sababu kila jioni mzee alikuwa akirudi kwa njia ile.

Warithi walikubaliana kuuza. Mke wa ami akahamia kwa binti yake Kisauni, nyumba ya ghorofa ya tatu, ambako hata kuku hapana pa kumweka. Mnunuzi akasema wazi kwamba mbwa hamtaki, na akatupa siku 30 tuondoe kila kilicho chetu. Na kwa kuwa mimi nina diploma na huandika andika, jamaa zangu huamini kwamba najua kila ofisi ilipo. Kazi ya mbwa nikaachiwa mimi.

Naandika haya kwa sababu tangu wakati huo watu watatu wameniuliza swali lile lile, wote Waislamu, wote wakianza kwa kunong'ona kana kwamba waulizia jambo la aibu. Mmoja mbuzi wake waliisha kwa ukame, mbwa akabaki. Mwengine alikuwa ahamia Doha kikazi.

Nianze na dini, maana hapo ndipo mazungumzo hukwama huku kwetu.

Sote tumelelewa tukimwona mbwa twakunja kanzu. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu wa pwani tunayoyafuata, yamhesabu mbwa kuwa najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Wamaliki wana kauli yao, kwamba mbwa aliye hai ni tohara. Lakini hata kwa Shafi, kitu kikavu hakiambukizi najisi kitu kikavu. Ukimgusa mbwa mkavu kwa mkono mkavu huna la kuosha. Nalisema hili kwa sababu vijana wawili wenye nguvu zao walikataa kunisaidia kumpandisha mbwa garini, wakihofia swala zao za siku nzima.

Ama kufuga, hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim yaeleza kwamba mwenye kuweka mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku, na hapo hapo yawatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mbwa wa ami alikuwa wa mifugo na wa shamba, yote mawili. Je, mifugo ikishauzwa? Nilimwuliza imamu wangu. Akanijibu kwamba ruhusa ya kumweka yafuata kazi, lakini jukumu la uhai wake haliondoki kwa sababu kazi imekwisha. Akanikumbusha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie, na yule mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake. Hadithi hizi twazijua tangu chuoni. Twawasimulia watoto, kisha twamfunga mbwa kwenye mnazi na kwenda zetu Mombasa.

Palizuka na suala la pesa. Mtu mmoja alitaka kutoa shilingi 5,000, na binamu yangu mmoja akasema ziingie kwenye mirathi. Kumbe si rahisi hivyo. Kuna hadithi inayokataza thamani ya mbwa, na kwa Shafi mbwa hauzwi. Wanachorithi warithi ni haki ya kumtumia tu, si mali yenye bei. Wahanafi wao wameruhusu kumuuza. Sisi tulifuata ya kwetu: mbwa atolewe bure, na anayemchukua, akipenda, alipie daktari na usafiri.

Jamaa walikuwa na fikra nyengine, za haraka zaidi. Mmoja alisema nimpeleke usiku barabara kuu nimwachie huko, atapata riziki yake. Mwengine alitaja sumu kwenye kipande cha nyama, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa dawa ya kikohozi. Nikiwa mdogo niliona mbwa waliokufa kwa sumu mtaani kwetu. Povu lile na mateke yale siyataki tena machoni mwangu. Na sheria pia haitaki. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yahesabu kuwa ni kosa kumtelekeza mnyama wako bila sababu ya haki pahali atakapoteseka. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza hali ya wanyama, zikiwemo leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi. Kazi hiyo iko kwenye karatasi. Nyumba ya kuwapokea mbwa wasio na wenyewe, wewe msomaji waijua ngapi kutoka Vanga hadi Kiunga? Nairobi kuna KSPCA, jumuiya ambayo mizizi yake ni ya 1910. Lakini mbwa wa Takaungu atafikaje Nairobi, na kwao wamejaa wa huko huko.

Zaidi ya sheria kuna kichaa cha mbwa, na hili ndilo lililonishughulisha kuliko yote.

Mbwa aliyeachwa barabarani hawi mnyama wa porini. Huenda majaani, akakutana na wenziwe, akaumwa katika ugomvi. Kichaa kikimwingia, mara nyingi huchukua wiki kadhaa au miezi kabla ya kuonekana, na wakati huo ameshazoea mlango wa nyumba fulani yenye watoto. Shirika la Afya Duniani lasema karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu, asilimia 99, hutoka kwa mbwa, na kati ya wanaokufa, wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemewa. Anayeumwa na mbwa aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano. Asipake pilipili, asipake mafuta ya taa, asingoje aone mbwa atakuwaje.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya halikuwa kutafuta mwenyeji mpya. Nilimtafuta daktari wa mifugo. Ami alikuwa akimchanjisha, kila mtu wajua, lakini kadi haikuonekana, na kwa kadi isiyoonekana mbwa huhesabiwa hajachanjwa. Akadungwa upya. Daktari akanieleza kwamba kinga huhitaji wiki tatu hadi nne kukomaa, ndipo mbwa asafirishwe kwenda kwa watu wengine. Na kama mbwa ameuma mtu karibuni, asitolewe kabisa. Afungwe mahali salama atazamwe siku 10. Siku zetu 30 zikawa si nyingi tena. Akaniuliza pia kama nataka ahasiwe, nikakubali. Dume aliyehasiwa hupunguza kutangatanga kufuata majike, na huko aendako hatuongezei mtu watoto wa mbwa wasiotakiwa.

Sasa kumtafutia kwao kupya. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na la mtaa. Nilipata mizaha ya kutosha mwezi mzima. Waliojibu kwa dhati walikuwa wawili. Wa kwanza alitaka mbwa wa kulinda matofali mahali pa ujenzi, mnyororo mchana kutwa, na jengo likiisha? Hakuwa na jibu. Wa pili alikuwa na shamba dogo upande wa Vipingo, mtu mwema, mwenye haraka kama mimi. Nikampa siku ileile bila hata kwenda kupaona. Akafika naye, akamfungua ili ajisikie huru. Siku ya tatu asubuhi mbwa alikuwa chini ya mwembe wetu, nyayo zimechubuka. Barabara kuu ya Malindi yote ile na malori yake, na alipita.

Nilikaa nikafikiri. Mbwa huyu hakuwa akihitaji mtu wa kumhurumia. Alikuwa na kazi aliyoijua, basi atafutiwe mwenye kazi ile. Nikaanza kuuliza kwa watu wa mifugo: muuza chakula cha ng'ombe, mchunga mbuzi, madalali wa mnada. Muuza chakula ndiye aliyenitajia mzee mmoja wa Kigiriama huko Kaloleni, mwenye mbuzi na mahindi, na nyani wanaomtia hasara.

Nilikwenda kwake mwenyewe. Nakushauri uende, usitosheke na simu. Tazama kama kuna kivuli na maji. Kama kuna mbwa mwengine, tazama mbavu zake. Uliza mbwa wa kabla yake alikufaje. Jibu la swali hilo hukuonyesha mengi. Uliza nani atamlisha, atalala wapi, jirani wanasemaje, na mzee akisafiri itakuwaje. Na wewe usifiche ya kwako. Nilimwambia huyu mbwa hapendi pikipiki, huzikimbiza. Kwamba chakula chake ni ugali na vichwa vya samaki. Kwamba alishawahi kula mayai ya jirani akachapwa. Kwamba umri wake ni kama miaka 6. Ukimficha mtu kasoro, mbwa atarudishwa, au hatarudishwa, na hilo ni baya zaidi.

Mzee naye akasema, "Nami nataka kumuona kwao." Akaja kwa matatu. Akaketi chini ya mwembe karibu saa nzima bila kumgusa wala kumwita, akimrushia vipande vya ugali. Kisha akaniuliza, "Marehemu alikuwa akimwita vipi?"

Sikujua. Nikampigia simu mke wa ami. Akacheka kwanza, akasema ami hakumpa jina, alikuwa akimpigia mbinja, mbili fupi na moja ndefu. Akaipiga kwenye simu. Mbwa akainuka. Mzee akaijaribu mara tatu mpaka ikamkaa.

Tulimsafirisha alfajiri, kabla ya jua, kwa pikapu ya minazi kupitia Mavueni. Hakulishwa kabla ya safari ili asitapike, maji alipewa. Tulimtandikia gunia lake alilokuwa akilalia, halikufuliwa, na usilifue, maana harufu ile ndiyo anayoijua. Kamba zilikuwa mbili, moja ya akiba. Kadi ya chanjo nilimkabidhi mzee mkononi, na nikabaki na picha yake kwenye simu.

Tulichokosea Vipingo tulikirekebisha. Wiki mbili hakufunguliwa hata kidogo. Alifungwa kwa kamba ndefu kivulini, si mnyororo mfupi, na mtu mmoja tu, mzee mwenyewe, ndiye aliyemlisha. Asubuhi na jioni akatembezwa kwa kamba mipaka ya shamba, akiwaona mbuzi kwa mbali, kisha karibu. Wajukuu waliambiwa wasimsogelee akila. Siku tatu za kwanza hakula kitu. Mzee alinipigia kwa wasiwasi, nami nikampigia daktari, ambaye alisema maadamu anakunywa maji tusubiri. Siku ya nne akala. Wiki ya tatu alifunguliwa jioni, akiwa na njaa, na sahani yake ipo. Alizunguka uga, akaenda mpaka njiani, akasimama. Mzee akapiga mbinja.

Nilikuwa nimemwahidi mzee kwamba ikishindikana, mbwa ni wangu, nitamfuata. Ahadi hiyo nilikuwa naiogopa, maana kwangu Mji wa Kale uga wenyewe hautoshi hata kuanikia nguo. Lakini sikuona haki ya kumbebesha mtu mzigo usio na mlango wa kurudi. Nilikwenda kumtazama baada ya miezi miwili. Alinijia, akaninusa viatu, akageuka kuwafuata mbuzi. Mzee alilalamika kwamba nyani wamepungua ila sasa hulala mbele ya mlango wa jikoni na mkewe hujikwaa. Chanjo ya mwaka ameahidi kuifuatilia mwenyewe. Nimeiandika tarehe kwenye simu hata hivyo.

Mke wa ami hajapata kumgusa mbwa yule maishani mwake, na hapendi asikike akimtaja. Lakini kila nipandapo ngazi zile za Kisauni kumjulia hali, baada ya salamu na chai, hutazama dirishani akaniuliza kama huko Kaloleni mvua imenyesha. Nami humjibu kwamba imenyesha, na kwamba anakula vizuri.