Ua wa Nyandarua: Tembo Kwake, Mkulima Kwake

Kwa miaka mingi mkulima aliyekaa kando ya msitu wa Nyandarua alikuwa na kazi mbili: mchana kulima, na usiku kulinda alichokilima. Mahindi yalipokaribia kukomaa, baba na wanawe walikesha shambani wakiwasha moto na kupiga madebe ili kuwafukuza tembo. Mara nyingi tembo hawakujali kelele hizo, na jasho la miezi mingi likaliwa kwa usiku mmoja.

Milima hiyo ndiyo iliyopewa jina la Aberdare na msafiri Joseph Thomson mwaka 1884, na sehemu zake za juu zikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1950. Mgeni apandaye huko hupita kwanza katika msitu mkubwa, makao ya tembo, nyati, kifaru mweusi na mbega. Kisha huingia katika mianzi, ajifichamo bongo wa milimani, mnyama mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye siku hizi haishi porini katika nchi yoyote ila Kenya. Juu zaidi ni uwanda wa baridi, penye lobelia na senesio zenye kimo kuliko mtu. Usiku majani yake hujikunja na kulifunika chipukizi lililo katikati, lisiuawe na baridi.

Watalii hutoka mbali kuyaona hayo. Lakini kwa mwenyeji, faida iliyo kubwa kuliko zote ni maji. Msitu huyapokea mawingu na mvua, ukayatoa maji polepole mwaka mzima. Humo hutoka mito Chania na Gura iendayo Tana, na mto Malewa uendao Naivasha. Karani wa Nairobi afunguapo bomba asubuhi, sehemu kubwa ya maji anawayo uso yametoka katika milima hiyo.

Basi, ilikuwaje mkulima na mnyama wapatanishwe, nao wote wawili wauhitaji mlima ule ule? Mwaka 1988 kiliundwa chama kiitwacho Rhino Ark, kwa nia ya kuwakinga vifaru na majangili. Fedha zilipatikana kwa mashindano ya magari na kwa michango ya wahisani, na kazi ya kujenga ua wa seng'enge wenye nguvu za umeme ikaanza. Wakulima walipoona kwamba ua unayalinda mashamba pia, wengi waliomba ufikishwe kwao. Ulikamilika mwaka 2009, ukiizunguka milima kwa kilometa 400 hivi, yaani maili 250.

Hata hivyo, ua hauwezi kujilinda. Tawi likiuangukia, au magugu yakiugusa, umeme hupungua nguvu. Na mtu akikata waya apate kuingia kuiba miti, huwa amewafungulia tembo mlango wa kwenda shambani kwa jirani yake. Walinzi hutembea kando yake kuutazama, lakini hawawezi kuwa kila mahali. Kila aonaye nguzo imelala au waya umekatika yampasa kutoa habari siku ile ile. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na huko Nyandarua, ufa mmoja watosha kuwarudisha watu kwenye madebe na moto wa usiku.