Joy Adamson: Mchoraji wa Nyuso na Mapambo

Jina la Joy Adamson likitajwa, iwe Molo au kwingineko, aghalabu hukumbukwa simba Elsa na kitabu Born Free cha mwaka 1960. Hata hivyo, kabla ya kuwa mwandishi, Adamson alikuwa mchoraji. Makala haya yanaiangazia kazi hiyo kwa kuwa inamhusu pia mwanafunzi wa lugha.

Alizaliwa mwaka 1910 mjini Opava, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, akafika Kenya mwaka 1937. Alianza kwa kuchora maua na mimea, kazi iliyolizoeza jicho lake kuhesabu kila petali. Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya picha. Mwaka 1967 alichapisha The Peoples of Kenya. Aliuawa Shaba mwaka 1980.

Waimpreshonisti walioibuka Ufaransa katika miaka ya 1870 waliunasa mwanga wa dakika moja, hata umbo likayeyuka ndani ya rangi. Adamson alikwenda kinyume: alifuata ushanga, hereni na chale kama alivyofuata petali. Hapo ndipo penye nguvu yake, na papo hapo ndipo penye udhaifu wake. Kumbukumbu ya mapambo imebaki. Lakini mtu amegeuka kielelezo cha kabila, kama ua linavyowakilisha jamii yake ya mimea. Isitoshe, agizo lilikuwa la mkoloni.

Je, tuzipuuze picha hizi? La hasha. Picha haina ulimi: huonyesha pambo bila kusema linaitwaje wala nani aliruhusiwa kulivaa. Maarifa hayo wanayo wazee wetu. Kiswahili nacho kina ndonya, hazama, kikuku na furungu, ilhali wengi wetu tunajua bangili na hereni tu.

Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi yanahifadhi picha zake, na nyumba yake, Elsamere, iko kando ya Ziwa Naivasha, katika kaunti ya Nakuru ilimo Molo. Wanafunzi wa Kiswahili na wazitazame, wawaulize wazee, kisha waandike majina. Mchoraji alituachia nyuso. Kuzirudishia maneno ni jukumu letu.