Stadi Zilizogandishwa na Chumvi
Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, mashine za boti za wavuvi hupigwa daima na maji ya chumvi, ambayo hupenya kati ya bolti ya chuma na bodi ya aluminiamu na kuzalisha unga mweupe wa ulikaji unaozibana metali hizo mbili kana kwamba zimechomelewa. Spana ya mdomo wazi, ambayo hushika nati kwa pande mbili tu, huteleza. Ndiyo maana soketi, yaani spana yenye umbo la kikombe, hufaa zaidi, hasa ya pembe 6, ambayo husukuma bapa za nati, ilhali ile ya pembe 12 huegemea karibu na ncha na huzila upesi.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye stadi, ambayo ni bolti isiyo na kichwa, yenye hesi ncha zote mbili. Hufunguliwa kwa kubananisha nati mbili juu yake na kuzungusha ile ya chini. Hesi ikiwa imeharibika, hutumiwa soketi maalumu yenye roli ndani, ambazo hubana zaidi kadiri inavyozungushwa. Kutumia nguvu tupu ni kosa la gharama, kwani stadi ikikatikia ndani hulazimu kutobolewa kwa drili. Heri kutanguliza mafuta mepesi yanayopenya kwenye hesi, kisha, petroli ikiwa imeondolewa mbali, joto la wastani, kwa kuwa aluminiamu hutanuka takribani maradufu ya chuma na tundu hulegea.