Mashine Ndogo Hupunguza Kazi Kubwa

Ukisikia neno mashine usifikirie injini tu. Miti miwili iliyoegemezwa ni mashine. Toroli ni mashine. Hazinywi mafuta.

Wewe wa Ufipa unaijua njia ya kuteremka Lyamba lya Mfipa mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Uwanda wetu uko juu ya ziwa hilo karibu mita 1,000. Barabara haishuki moja kwa moja. Inazunguka mlimani. Njia iliyonyooka ni fupi, lakini ni kali. Ile inayozunguka ni ndefu, lakini hupandika. Siri ni hii: ukikubali mwendo mrefu, utatumia nguvu kidogo.

Wakati wa mavuno tunapakia magunia kwenye mkokoteni. Gunia la kilo 100 huumiza migongo. Tumia siri ya barabara. Chukua miti miwili imara yenye urefu wa mita 3. Iegemeze kwenye mkokoteni wenye kimo cha mita 1. Zuia magurudumu kwa mawe. Watoto wakae mbali. Kisha watu wawili waliviringishe gunia polepole. Watatumia nguvu kama ya kuinua theluthi moja ya gunia, na zaidi kidogo.

Sasa tutazame toroli. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mama akitaka madumu 3, huenda kisimani mara 3, na kila mara mzigo uko kichwani. Toroli hubeba yote 3 kwa safari moja. Yapange karibu na gurudumu. Kama madumu yako nusu mita kutoka gurudumu, na mikono imeshika mita moja na nusu kutoka hapo, mikono itabeba kilo 20 tu za maji. Kilo 40 hubebwa na gurudumu. Ukiyasogeza karibu na mikono, utachoka bure.

Lakini ziko nyumba ambazo toroli hutoka siku ya kupeleka mahindi sokoni tu. Siku ya maji na kuni limeegemea ukuta, na mama amejitwika. Je, hiyo ni haki? Toroli ni la nyumba nzima.

Baba, leo jioni zungumza na mama. Ulizaneni: nani hapa nyumbani anabeba mizigo mingi zaidi? Huyo ndiye apewe toroli kwanza. Kama hamna, seremala wa kijiji anaweza kulitengeneza kwa mbao.