Hela na Pesa za Mjerumani: Kutenganisha Tofauti na Ughushi

Katika vibanda vya vinyago vya Kona ya Musa na kando ya barabara ya Diani, ambako mgeni wa Kijerumani amekuwa mteja kwa miongo mingi, si ajabu kukuta sarafu chakavu zenye taji au tai, zikinadiwa kuwa ni za "wakati wa Mjerumani". Madai hayo yanaweza kuwa kweli. Mpaka wa Tanganyika hauko mbali, na Januari 1915 vita vilipiganwa Jasini, kusini kidogo ya Vanga. Lakini zipi ni halisi? Makala haya yanashikilia kwamba swali hili ni la mwanafunzi wa Kiswahili sawasawa na mkusanyaji wa vitu vya kale, kwa sababu sarafu ni matini, na matini husomwa.

Tuanze na maandishi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu ya pesa moja kati ya 1890 na 1892. Upande mmoja una tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili una hati ya Kiarabu isemayo "Sharaka Almaniya", yaani shirika la Kijerumani, pamoja na mwaka wa Hijria. Hapa ndipo msomaji wa hati ya Kiarabu anapomzidi mchuuzi. Sarafu ya 1890 huandikwa 1307, ya 1891 huandikwa 1308, na ya 1892 huandikwa 1309. Miaka isipolingana, pana sababu ya kutilia shaka. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya koloni ilibadili hesabu hiyo, rupia ikawa na heller 100, na hati ya Kiarabu ikaondolewa kwenye sarafu hizo ndogo. Kwa hiyo "heller" yenye Kiarabu haiwezi kuwa halisi. Neno lenyewe, kama tujuavyo, lilibaki midomoni mwa watu likawa hela, huku sarafu ikitoweka.

Chini ya maandishi hutafutwa herufi ndogo ya mji wa uchapaji: A ni Berlin, J ni Hamburg. T ni Tabora, na hapo ndipo penye utata mwingi zaidi.

Mwaka 1916, bahari ikiwa imefungwa na meli za Waingereza, Wajerumani walichapa sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora, kabla Wabelgiji hawajauteka mji huo Septemba. Vyuma vya kugongea chapa vilichongwa kwa mkono, vikachakaa, vikachongwa vingine. Matokeo yake ni kwamba hela 20 za Tabora zina taji kubwa au dogo; ncha za herufi L katika neno HELLER zimepinda au zimechongoka; na metali yenyewe ni shaba njano au shaba nyekundu. Zote ni halisi. Mchuuzi anayelinganisha sarafu ya bibi kizee na picha moja tu kitabuni, kisha akaitangaza bandia ili ainunue kwa bei ya soda, amefanya kosa lile lile la mhakiki anayedhani nakala moja ya Al-Inkishafi ndiyo pekee iliyo sahihi kwa kuwa ndiyo iliyopigwa chapa.

Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye ndovu aliyeinua mkonga mbele ya milima, nayo ina nakshi inayoishia chini ya herufi T ya OSTAFRIKA katika vipande 9,803, na chini ya A ya kwanza katika vipande 6,395. Hii ndiyo inayoghushiwa sana. Mizani humaliza ubishi: halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi, ilhali ya shaba njano yenye ukubwa na unene ule ule hufikia takriban nusu tu. Aidha, iliyomiminwa katika kalibu huwa na vitundu vidogo usoni na mshono ukingoni.

Kuna aina ya tatu, ambayo si tofauti ya kiwandani wala si ughushi. Hela 10 zina tundu la katikati tangu kuchapwa. Hela moja haina. Ukiiona imetobolewa karibu na ukingo, ilivaliwa shingoni. Wakusanyaji huishusha thamani, jambo ambalo kwangu ni uonevu, maana tundu hilo ndilo neno pekee lililoongezwa na mwenye sarafu.

Jambo la mwisho ni la jikoni: usiisugue kwa ndimu na majivu. Tarakimu za Hijria zimechorwa kwa mstari mwembamba, na ndizo hutangulia kufutika.