Kabange: jina la mapasa wa kwetu, jina adimu ku Ufaransa

Jina Kabange liko na maisha mbili. Hapa Kaniama, ukiliita kwa sauti mu soko, watu wengi watageuka. Ku Ufaransa na ku Ubelgiji, kule Wakongo walikohamia, limeingia mu vitabu vya serikali kama jina la familia, na huko ni adimu: mtumishi wa ofisi anakuomba ulitaje herufi kwa herufi. Watoto wanaozaliwa kule wanauliza wazazi: jina letu linatoka wapi, na watu wangapi wanalibeba? Kwa Mfaransa maswali hayo mawili yanajibiwa kwa njia moja. Kwetu ni maneno mengine, juu jina letu halikutengenezwa kwa kazi ile ile. Mimi mwenyewe ninabeba Kabange kama postinomu, na sikuzaliwa mapasa. Njo maana nilitaka kulielewa vizuri.

Tuanze na asili. Kwa Baluba wa Katanga, mapasa (wengine wanasema mapacha) hawachaguliwi majina. Wanakuja nayo. Wa kwanza kutoka ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Hakuna kuuliza kama ni mwanaume ao mwanamke. Mfano ambao kila mtu anaujua ni wa rais wa zamani, Joseph Kabila Kabange, na dada yake wa mapasa Jaynet Kabila Kyungu. Soma tu majina yao, utajua wamezaliwa siku moja na nani alitangulia. Hauna haja ya kuona karatasi ingine.

Ndugu zetu wa Kasai wako na desturi hiyo hiyo kwa majina yanayofanana: wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Hata wazazi wanabadilishwa jina: baba anakuwa Shambuyi, mama anakuwa Mwambuyi. Kaniama iko pale mambo hayo mawili yanapokutana. Ni teritwari ya Haut-Lomami, lakini reli inayotoka Lubumbashi inapita Kamina, inafika kwetu, kiisha inaendelea Mwene-Ditu, Kananga mpaka Ilebo. Tangu njia hiyo ilipomalizika mwaka 1928, watu na majina yao wanapanda na kushuka. Kwa hiyo mu mtaa moja unaweza kukuta Kabange na Kabanga, wote ni wa pili wa mapasa, mmoja kwa desturi ya Katanga, mwingine kwa desturi ya Kasai.

Jina la namna hiyo ni sawa na etikete ku mufuko wa mbegu. Etikete haisemi mufuko ni wa nani. Inasema ndani muko nini. Ni vile na Mujinga: wale wanaojua tu Kiswahili wanacheka, juu kwao mjinga ni mtu asiyejua kitu. Lakini mu lugha za Baluba ni mtoto aliyezaliwa kamba ya kitovu imemzunguka ku shingo. Jina linaeleza namna ulivyofika duniani. Halielezi mali ya nani wewe.

Sasa tuje ku hesabu. Watu wangapi wangeitwa Kabange kama desturi ingefuatwa bila kuongeza wala kupunguza? Afrika njo bara lenye mapasa wengi kuliko yote: karibu mara 17 kwa kila uzazi 1000, wakati dunia nzima ni karibu mara 12. Chukua uzazi 1000. Mara 983 mama anapata mtoto mmoja, mara 17 anapata wawili. Jumla watoto 1017. Kati yao 17 ni Kyungu na 17 ni Kabange. Ni kusema Kabange mmoja kwa kila watoto 60 hivi. Kwa watu wakubwa namba itashuka, juu mapasa wanazaliwa na uzito mdogo na wengi wanakufa wangali wadogo kuliko wale waliozaliwa peke yao. Lakini hata hivyo ni jina la wengi.

Linganisha na Ufaransa. Jina la familia linalobebwa na watu wengi zaidi kule ni Martin. Pamoja na sifa hiyo yote, Martin hawafikii nusu ya asilimia moja ya Wafaransa, yaani ni chini ya mtu mmoja kwa 200. Jina letu la tukio ambalo si la kila siku lingelipita jina lao la kwanza zaidi ya mara tatu mu inchi yenye kufuata desturi yetu! Hiyo haimaanishi sisi tuko na familia kubwa kuliko za Martin. Inamaanisha majina haya mawili hayapimi kitu kimoja. Martin inapimwa kwa ukoo: baba alikuwa Martin, mtoto ni Martin. Kabange ilipimwa kwa tumbo la mama.

Na Wafaransa nao hawakuanza na majina ya familia yasiyobadilika. Yalifungwa polepole na serikali. Mwaka 1539 mfalme François wa Kwanza aliamuru, mu sheria ya Villers-Cotterêts, mapadri waandike ubatizo mu kitabu. Mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi, sheria ilikataza raia kubeba jina lingine lisilokuwa mu cheti chake cha kuzaliwa. Kutoka mwaka 1877 kitabu kidogo cha familia kilianza kutolewa kwa waliooana, na namna ya kuandika jina ikakauka. Kisha hapo, kosa la karani lilikuwa jina jipya kwa vizazi vyote vinavyofuata. Majina mengi adimu ya Ufaransa yalizaliwa vile: herufi moja imebadilika mu kijiji kimoja, na familia moja tu inabaki nayo. Na kama familia hiyo haina mtoto wa kiume wa kulipokeza, jina linakufa kabisa. Tangu mwaka 2005 wazazi wa kule wanaweza kumpa mtoto jina la mama, ao yote mawili.

Kwetu Kabange haliwezi kufa hivyo. Familia zote zenye kulibeba zingeisha leo, kesho mama mmoja angezaa wawili na jina lingerudi. Tena liko na mlango wa pili wa kuingilia: jina la heshima. Mtoto anapewa jina la nkambo, na nkambo anamwita "jina yangu". Kama nkambo alikuwa Kabange wa mapasa ya kweli, mjukuu anakuwa Kabange hata kama alizaliwa peke yake. Njo hali yangu. Watu wananiuliza, "Shi Kyungu wako iko wapi?" Ninawajibu: Kyungu alikuwa ndugu ya nkambo. Kwa hiyo Kabange tunaowaona leo ni wengi kuliko mapasa, na jina peke yake halitoshi tena kujua mtu alizaliwa namna gani.

Mlango wa tatu ulifunguliwa na serikali yetu wenyewe. Wakati wa ukoloni mtu alikuwa na jina la ubatizo na jina la kikwetu. Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ikaitwa Zaire, na mwanzo wa mwaka 1972 Mobutu akaondoa Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Prenomu za kizungu zikakatazwa kwa wote, na padri aliyebatiza mtoto kwa jina kama hilo alitishiwa kifungo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalipa kwa kukaa muda huko Roma. Nafasi ya prenomu iliyobaki wazi watu waliijaza na jina la baba, la nkambo, ao lile la kuzaliwa. Njo pale postinomu ilipopata nguvu. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ikashikilia kwamba majina yatoke mu urithi wa utamaduni wa inchi. Kisha mwaka 1990, utawala wa chama kimoja ulipolegea, prenomu zikarudi, lakini postinomu haikuondoka. Tangu hapo tuko na visanduku vitatu: nomu, postinomu, prenomu.

Shida ni kwamba Kabange anaweza kukaa mu kisanduku cha kwanza ao cha pili, na hapa nyumbani hakuna anayejali. Mtoto anaweza kuwa na nomu isiyo ya baba yake, mapasa wanaweza kuwa na nomu mbili tofauti, na mtaa mzima unajua ni wa baba mmoja na mama mmoja. Ukivuka mpaka, kisanduku njo kinaamua. Kama Kabange iko mu nomu, ofisi ya Ulaya inalifanya jina la familia. Mtoto wako atakayezaliwa kule ataitwa Kabange, na mdogo wake vilevile. Ukizaa mapasa kule, wote wawili watakuwa Kabange na hakuna Kyungu! Kama iko mu postinomu, huenda litaunganishwa na nomu, huenda litasukumwa pamoja na prenomu. Hivyo njo jina la wengi linavyokuwa jina adimu: familia chache zilivuka, kila moja ikaganda na neno lililokuwa mu kisanduku siku ya kuomba viza.

Na kuna watu wanaoumia. Fikiria mapasa, mmoja Kyungu mu nomu, mwingine Kabange. Mmoja yuko Ulaya, anataka kusaidia karatasi za mwenzake. Mtumishi anaangalia majina mawili yasiyofanana, tarehe moja ya kuzaliwa, na anauliza ushahidi kwamba ni ndugu. Kwa mtu wa Kaniama majina hayo njo ushahidi wenyewe, hakuna mazuri zaidi. Kwa yule mtumishi njo sababu ya kushuku.

Lakini tusidhani kwamba jina linaumiza kule tu. Kati ya Kabange na Kabanga kuko herufi moja ya mwisho. Mwaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mu Katanga, mamia ya maelfu waliacha nyumba zao. Walilala ku magare ya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na treni za kuwapeleka Kasai zilipita njia yetu hii hii. Wakati ule jina lilisomwa kutafuta mtu ni wa wapi, na "a" ao "e" ilikuwa na uzito ambao herufi haipaswi kuwa nao. Majina mawili yenye kusema kitu kimoja, kwamba mama alibarikiwa mara mbili kwa siku moja, yalitumiwa kutenga watu. Mimi ninaona tukikumbuka maana yake, herufi hiyo inarudia udogo wake.

Kwa sisi wenye dipulome, herufi hiyo iko na kazi ingine. Buletini ya shule inaandika Kabanga, dipulome ya serikali inaandika Kabange, karata ya kuchagulia inaandika Kabange lakini imegeuza nomu na postinomu. Wengi wanasema si kitu. Ni kitu. Sheria ya Familia, hata kisha kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016, hairuhusu mtu kubadilisha jina, wala maandishi yake, wala mpangilio wa sehemu zake, bila mahakama kukubali. Kwa hiyo linganisha karatasi zako mapema, kabla ya kuomba kazi ao masomo ya mbele. Kuitengeneza mbele ya hakimu wa hapa karibu ni rahisi kuliko kuieleza mbele ya mgeni aliye mbali.

Na wale wanaozaa sasa: sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto ku etasivili. Nenda na majina yote, mu mpangilio ambao nyumba yenu imekubaliana. Kama ni mapasa, mu nomu muweke jina moja la ukoo kwa wote wawili, na Kyungu na Kabange mu postinomu, kama ilivyo kwa Joseph na Jaynet. Hivyo karatasi itasema mambo mawili: hawa ni ndugu, na huyu alitangulia, huyu akafuata. Kama mtoto anapewa Kabange juu ya nkambo, mwandikie mu daftari ya nyumba ni nkambo gani, alizaliwa wapi, na Kyungu wake alikuwa nani. Mistari miwili inatosha. Siku moja mjukuu aliyezaliwa mbali atauliza jina lake adimu linatoka wapi, na jibu litakuwa limemngoja.